Kwa Saado, Kisima Hakifungwi

Saa nane mchana, jua la Garissa limeshafukuza watu barabarani, na mbuzi wamejibanza ukutani wakigombea kivuli kisichowatosha. Ndani ya chumba kimoja cha mabati huko Bulla Iftin, vita vimepamba moto.

Jeshi la samurai linashuka mlimani, bendera zimefungwa migongoni. Vijana wameketi mkekani, viatu vyao vimerundikana mlangoni, na hakuna anayepepesa jicho. Nyuma yao amesimama mwanamke wa miaka thelathini na tatu. Ameshika kitambaa chenye spiriti, anafuta jasho la watu kwenye padi za kuchezea.

"Umetuma sahan?" anauliza, bila hata kutazama skrini.

Kijana aliyeshika padi anajikuna kichwa. Hajatuma. Sahan, kwa wafugaji wa huku, ni mtu anayetangulia kukagua nyasi na maji kabla familia haijahamisha ngamia. Katika gemu hili wapo wapelelezi wa kazi hiyohiyo, ila wageni huwasahau kwa uchu wa kuchomoa upanga.

"Haye, basi ngoja uone," anasema mwanamke huyo.

Kijana hangoji sana. Mishale inamiminika kutoka msituni, jeshi lake linalala chini lote, na chumba kinaangua kicheko. Anayecheka kuliko wote ni kijana mwenyewe.

Huyo mwenye kitambaa ni Saado Gabow, na chumba ni chake. Zamani alikuwa fundi wa simu sokoni. Kaka yake alipohamia Nairobi, alimwachia televisheni mbili, mashine mbili za gemu na maneno ya majirani. Mwanamke kuongoza chumba cha vijana wa kiume! Saado hakubishana na mtu. Alifunga pazia la mlango juu ili kila apitaye aone ndani, akapiga marufuku kamari, na akaweka sharti kwamba adhana ikilia mashine zinazimwa, hata kama mtu amebakiza pigo moja ashinde.

Mchezo mmoja ni shilingi ishirini. Siku njema humpa elfu moja na kidogo, na kwa hizo anamtunza mama yake na watoto wake wawili. Siku ya vumbi na stima kupotea, humpa subira.

Gemu za mpira ndizo zinazopendwa na wengi, lakini lililomteka yeye ni hili la samurai. Ukimuuliza kwa nini, anaweka kitambaa chini.

"Hii gemu iko na uso mbili," anasema. "Ya kwanza ni ramani. Unahesabu mchele, unajenga ngome, unatafuta rafiki. Ya pili ni panga. Hapo hakuna kuhesabu, ni kidole na macho tu. Mtu wa ramani peke yake atapigwa. Mtu wa panga peke yake pia atapigwa, tena haraka, wallahi."

Wahenga walituachia methali mbili zisizosalimiana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Wengi wetu huchagua moja kulingana na uvivu wetu wa siku hiyo. Gemu hili linazitaka zote mbili, kila moja kwa saa yake, na ole wako uzichanganye.

Saado aligundua kwamba ni wachache wenye zote mbili. Kwa hiyo akabuni mtindo wake, na huo ndio uliokipa jina chumba chake: kila upande wachezaji wawili. Mmoja anapanga kwenye ramani, kisha anampa mwenzake padi akapigane. Ramani ikishafungwa, na mdomo wa aliyepanga unafungwa. Haruhusiwi kupiga kelele wala kuelekeza kwa kidole. Atakaa amtazame mwenzake akiubeba mpango wake, au akiumwaga.

"Hapo ndio utajua kama unaamini mtu," anasema.

Ukutani, juu ya televisheni, kuna maneno matatu makubwa ya mkaa: KWA SAADO, KISIMA HAKIFUNGWI. Samahani, ni manne. Mwenyewe husema jina lake halihesabiwi.

Maneno hayo yana kisa. Katika gemu, njia ya mkato ya kuiteka ngome ni kukifunga kisima kilicho nje ya ukuta wake. Hupigani na mtu. Unakaa tu, na walio ndani wanalegea kwa kiu hadi wafungue lango. Mwaka jana kijana mmoja, Dekow, alimfungia kisima mwenzake, Yahye.

Kwingineko hilo lingekuwa gemu tu. Lakini koo za Yahye na Dekow ziligombania kisima cha kweli, huko ng'ambo ya Bura, mwaka wa ukame mkali, na ng'ombe wa kina Yahye wakafa wakiwa wanayaona maji. Yahye aliitupa padi ukutani, kisha akamrukia Dekow. Walipoachanishwa, jino la Dekow lilikuwa mkekani.

Habari zilimfikia mwenye nyumba, Haji Warfa, mzee aliyeuza mifugo maisha yake yote na asiyependa kurudia maneno.

"Fita ya uongo imeleta damu ya kweli," alimwambia Saado kwa lafudhi yake nzito. "Nyumba yangu si bahali ya damu. Mwisho wa mwezi unatoka."

Saado hakulia mbele yake. Alilia baadaye, jikoni, na haoni haya kulisema. Kisha akarudi kwa mzee na ombi moja: kabla hajafunga chumba, aje akitazame. Alhamisi moja tu, baada ya swala ya alasiri. Haji akasema atakuja.

Ndipo Saado akachukua mkaa na kuandika ukutani. Marehemu baba yake, aliyechunga ngamia upande wa Habaswein, alikuwa na kauli yake: gombaneni malisho, gombaneni hata njia, lakini mwenye kiu hafukuzwi. Kisha akawaita wale vijana wawili, akawaketisha upande mmoja. Yahye mwenye vidole vya umeme akawa wa upanga. Dekow mwenye subira akawa wa ramani.

"Walinuniana kama wake wenza," anakumbuka, akicheka. "Anampa padi, anaangalia pembeni."

Alhamisi ikafika. Haji Warfa aliketi kwenye kiti cha plastiki, bakora katikati ya magoti, uso haumwambii mtu kitu. Siku hiyo kulikuwa na wageni wawili, makondakta wa lori la mifugo kutoka Habaswein waliokuwa wakisubiri gurudumu lizibwe. Mmoja wao, Sakariye, alitamba kwamba kwao hajapata wa kumweza. Wakapangwa dhidi ya kina Yahye. Katika pilikapilika za kumwandalia mzee chai, hakuna aliyewaonyesha wageni maandishi ya ukutani.

Sakariye akakifunga kisima.

Yahye akasimama, padi mkononi, shingo imemvimba. Saado alikuwa karibu na swichi, na kidole chake kilikuwa tayari juu yake.

"Nilijua hapa imeisha," anasema. "Lakini nikafikiria, nikizima sasa, Haji ataona ni swichi ndio inawashika hawa, si wao wenyewe. Nikatoa mkono."

Aliyesema ni Dekow. Alimvuta Yahye shati.

"Keti, walaal, ndugu yangu. Hiyo kitu naijua, si ni mimi nilikufanyia? Nipe padi, sasa ni zamu ya ramani."

Yahye aliketi. Dekow, ambaye aliwahi kuketi kwenye kisima kilichofungwa na akajua udhaifu wa mahali hapo, aliliacha lango la mbele wazi kama mtu aliyekata tamaa. Farasi thelathini akawatoa kwa mlango wa nyuma. Akafunga ramani, akampa mwenzake padi, akafunga mdomo.

Wageni walipoona lango wazi waliingia mbio na jeshi lao lote. Kumbe ngome tupu. Wakati huo Yahye alikuwa ameshawashukia walinzi wa kisima, upanga kushoto, upanga kulia, vidole havionekani. Akakitwaa kisima. Aliyefunga maji sasa yuko ndani, na kiu ni yake.

Ilibaki kungoja tu. Yahye angekiacha kilivyo, ushindi ungekuja wenyewe. Macho yake yalipanda ukutani, yakasoma, yakashuka. Kidole kikasitasita.

Ndipo Haji Warfa akatoa sauti kwa mara ya kwanza.

"Na farasi yao? Imekunywa?"

"Haji, ni gemu hii," akasema Sakariye.

"Mimi nauliza farasi."

Yahye akakifungua kisima. Farasi wa adui wakanywa. Kisha wakatoka wakiwa na nguvu zao zote, wengi kuliko wale thelathini, wakapigana, na baada ya piga nikupige iliyowainua watu wote mkekani, kina Yahye wakashindwa.

Haji aliinama mbele, akiutazama mkono wa Yahye. Mkono ule uliishusha padi, taratibu, ukaiweka juu ya mkeka kama kikombe kilichojaa chai. Kisha ukanyooshwa kwa Sakariye. Dekow alikuwa ameshaanza kucheka, na pengo lake lote likaonekana.

Mzee alisimama, akatafuta viatu vyake kwenye lile rundo, jambo lililomchukua muda. Mlangoni akageuka.

"Saado. Kodi ni tarehe tano, kama kawaida."

Tangu siku hiyo haijasikika ngumi chumbani humo. Haji hupita kila Alhamisi, hunywa chai, huuliza habari za farasi, huenda zake.

Saado sasa ana jambo jingine. Asubuhi, kabla ya kufungua, anajifunza kwa kompyuta kuukuu namna ya kutengeneza gemu. Anakwama kila siku, na kila siku anarudi. Ameshachora ramani inayoanzia Ijara hadi Habaswein. Mahali pa farasi ameweka ngamia. Wezi wa mifugo wapo, mishale ipo, sahan yupo, na ukame utakuja bila kubisha hodi.

"Nataka mtoto wa Tokyo siku moja apigwe na ukame wa kwetu, insha'Allah," anasema. "Akili yake na mkono yake zote zitoke jasho."

Na kufunga kisima, je? Saado anaichukua padi aliyokuwa akiifuta, anaigeuza, anavitazama vitufe vyake kimoja kimoja.

"Hiyo," anasema, "sijaiwekea kitufe."