Siku Nyuki Waliponisifu

Nichekeni tu, maana mimi mwenyewe nimeshajicheka vya kutosha.

Kazi yangu ni kuchora mimea inayoponya. Bwana Kanji, mwenye duka la fremu na picha hapa Nakuru, alikuwa amenikataa mara mbili, akisema picha zangu zimefifia na Wazungu wa Njoro hawatazitazama. Mimi si mtu wa kukata tamaa. Jumamosi iliyopita nilisema leo lazima anipokee. Sikuwa na vanishi, kwa hiyo nikaipaka asali picha ya mshubiri, mmea ambao mama alinitibu nao nilipoungua. Iling'aa kama kioo. Nikavaa koti nililorudi nalo kutoka vitani, nikaikumbatia picha hadi dukani.

Bwana Kanji akaiweka dirishani, penye jua. Punde nyuki akatua kwenye ua nililochora, wakafuata wenzake.

"Ajabu," akasema. "Wanadhani ni maua ya kweli."

Hapo ningenyamaza. Badala yake nikatoa kifua mbele. "Binadamu anaweza kuikataa picha yangu, mzee, lakini nyuki anajua ua."

Akawaita wateja waje waone, akaanza hata kutafuta fremu nzuri. Nami nikawa nawaeleza nilivyoyachunguza maua miaka mingi, huku nikipunga mkono kufukuza nyuki mmoja, halafu watatu.

Bwana Kanji akanitazama kuanzia kola mpaka kiunoni. Kifua chote kilikuwa kimejaa nyuki.

"Na hili koti, fundi," akauliza taratibu, "ulilichora lini?"