Nilikataa Hata Koti Ukutani

Admin, posti kisa hiki ila jina langu lifiche. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, mjane, Mkatoliki, nimeolewa upande wa Rodi Kopany. Kanisani kwetu wananisifu sana kwa imani yangu. Leo nimechoka kusifiwa.

Mume wangu alifariki miaka ya tisini, kwa ule ugonjwa ambao wakati huo hatukuutaja kwa jina. Alikuwa kifungua mimba wa boma. Matanga hayajaisha vizuri, wazee wakaleta ndugu wa ukoo anirithi. Nikakataa. Niliogopa ugonjwa, ndiyo, lakini pia nilikuwa na picha ya Mtakatifu Rita niliyopewa na katekista. Alitusimulia vile Rita alifiwa na mume, akaingia utawani, akaamriwa kumwagilia kijiti kikavu, naye akakimwagilia kila siku mpaka kikachipua. Nikasema na mimi nitamwagilia changu.

Sasa, kwetu kupanda kulikuwa na mpangilio. Mama mkwe anatangulia, kisha mke wa mtoto mkubwa, ndipo wengine wanafuata. Mjane ambaye hajarithiwa haruhusiwi kutia mbegu, na nyuma yangu alikuwa Achieng, si jina lake, mke wa shemeji yangu. Tulikuwa tukisukana nywele, tukipikiana, tukiitana nyieka, yaani mke mwenzangu wa boma. Mvua ya masika ikaanza, shamba lake limelimwa, na yeye amekaa tu ananingoja. Nilimwambia, "Panda, mimi sina neno." Akaogopa chira, ile laana ya kuvunja mwiko.

Siku moja akanijia na mtoto mgongoni, tope hadi magotini.

"Nyieka, sisemi ulale na mtu," akaniambia. "Mzee akuje tu aangike koti yake kwa ukuta, akunywe chai, aende. Hiyo inatosha kuhesabika umerithiwa. Hata mama mkwe amekubali. Mvua inaniacha, nyieka."

Koti tu! Hakuna ambaye angenigusa. Lakini padre alikuwa ameshanitaja mbele ya watu kuwa mfano, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nikamwonyesha ile picha, nikamwambia, "Wewe pia jifunze kuvumilia." Akaniangalia, akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akaenda zake.

Achieng hakupanda msimu ule. Nilikuwa nampelekea uji, mama mkwe naye alimgawia alichokuwa nacho, lakini hakikutosha. Mtoto akadhoofika, malaria ikamkuta hana nguvu, akafa. Tulimzika kando ya nyumba yao, karibu na lile shamba lililojaa magugu. Achieng hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Mwaka uliofuata padre alikuja kubariki mbegu zetu, mama mkwe akaridhika, sote tukapanda. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Nililia shambani mpaka nikashindwa kushika jembe.

Simlaumu Rita. Yeye alivumilia shida zake mwenyewe. Mimi nilimvumilisha mwenzangu.

Mwezi uliopita mume wa Achieng alifariki. Wazee wa siku hizi hawataki makuu, wanataka koti tu. Juzi Achieng alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti kile kile cha siku ile, nywele zimejaa mvi.

"Nyieka, wewe ulikataa na ukaweza," akasema. "Nipatie ile picha ya Rita. Ama niwaache tu waangike?"

Nikamdanganya kwamba sijui niliiweka wapi. Iko ndani ya kitabu changu cha sala. Nikimwambia akubali koti, atauliza mbona langu nililikataa akiwa amebeba mtoto anayetaka kula. Nikimwambia akatae, nitakuwa namfundisha kuvumilia mara ya pili.

Atarudi Jumapili baada ya misa. Ndugu zangu mnaosoma, msinionee huruma, nipeni maneno tu. Nitamwambia nini mama wa yule mtoto?