Vikebe Viwili vya Baba

Baba yangu alipoteza meno mara mbili. Mara ya kwanza ni yale Mungu alimpa, yaliyomtoka moja moja kwa miaka mingi na hakuna aliyelia. Mara ya pili ni yale ya hospitali, seti nzima ya juu, meupe kuliko ya mtu yeyote pale kwetu Kangeta, na hayo ndiyo yalitutesa. Alikataa kabisa kula nayo. Eti yanafanya mukimo, ule mseto wa viazi na mahindi, uwe na ladha ya sahani. Basi kila akikaa mezani anayatoa, anayafunga kwa kitambaa, anayaweka kando ya kikombe, halafu anasahau. Siku moja mama aliyafua pamoja na suruali. Siku nyingine kuku akaondoka nayo, kitambaa na kila kitu, tukamfukuza mpaka shamba la jirani, mimi mbele, mama nyuma, na baba mlangoni akitupigia kelele za maelekezo ambayo hatukuelewa hata moja, maana hakuwa na meno.

Hapo ndipo niliposema, inatosha. Nitamtengenezea kikebe.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Nina kibanda katika mji wa Maua, nyuma ya mafundi wa mageti, na humo natengeneza vikebe vya shaba vya kutia mfukoni: vya ugoro, vya sindano, vya vidonge vya presha, vya vijiti vya meno. Ndiyo, mimi ni mwanamke. Kama ndilo swali lako, panga foleni, wengi wamekutangulia, na jibu ni lile lile: nyundo haijawahi kuniuliza. Shaba naitoa kwa stovu za zamani za kupampu, zile ambazo kila nyumba inayo moja stoo na hakuna anayekumbuka inavyowashwa. Nalikata tangi kwa mkasi wa bati, nalinyoosha, nalipasha moto lilegee, halafu naanza kulipiga juu ya kipande cha reli mpaka likubali kuwa kitu kingine. Bawaba naitengeneza kwa spoku ya baiskeli. Nakshi nazitia kwa misumari niliyoinoa mwenyewe, na mwisho ni majivu na limau mpaka nijione uso. Kifuniko kikifungwa lazima kiseme tak. Kikisema tik, kimelegea. Kisiposema kitu, nimemuibia mteja.

Cha baba nilikipiga vitone, safu kwa safu, kutoka ndani kwenda nje, ili kidole gumba kivisikie. Alikipokea, akakifungua, akakifunga. Tak. Akakifungua tena. Siku hiyo mama alihesabu tak mpaka akachoka, akamwambia aende akafungulie huko kwa ng'ombe.

Sasa ngoja nikueleze habari ya kikebe cha pili, maana ndicho kilicholeta maneno.

Kuna karani mmoja wa ofisi mjini Embu alinunua kwangu kikebe cha kutia kitambulisho. Baada ya wiki mbili akakirudisha, eti kifuniko kinakwama. Nikakikagua, kizima. Akarudi tena, kinakwama. Kutoka Embu mpaka Maua si kuvuka barabara, jamani, na huyu mtu alikuja mara nne. Mara ya nne hasira zikanipanda, nikamwambia kifuniko hakina shida, mwenye shida ni wewe. Akasema ndiyo, ni kweli, shida ni mimi. Nikaweka nyundo chini, na mimi kuweka nyundo chini mbele ya mteja si jambo la kila siku.

Kwa ufupi, tulikubaliana kuoana. Kilichobaki ni wazee.

Na hapo ndipo alipo baba mkubwa, kaka yake baba. Baba mkubwa alimlea baba baada ya babu yetu kufariki. Alimlisha, akamsomesha, akamgawia shamba. Kwa hiyo maisha yake yote baba hajawahi kumwambia kaka yake hapana. Hata akiambiwa mvua inanyesha na jua linawaka, baba anachukua mwavuli. Na baba mkubwa hakutaka kusikia habari ya Embu. Embu ni mbali, alisema. Karani hana hata mti mmoja wa miraa. Zaidi ya hayo, alikuwa na mtu wake tayari, mfanyabiashara wa Maua mwenye pikapu mbili, mtu ambaye nilimjua vizuri kwa sababu kila akipita kibandani kwangu alikuwa ananiita fundi wa sufuria. Aisee, bora ningeolewa na hiyo pikapu.

Lakini katika ukoo wetu kuna utaratibu, na baba mkubwa ni mtu wa utaratibu kuliko sisi wote. Anayekataa posa ni baba mzazi, kwa mdomo wake mwenyewe. Baba mkubwa anaweza kupiga meza mpaka ivunjike, neno lake halihesabiki. Wageni wakifika, mzee wao na baba wa msichana wanabadilishana vikebe vya ugoro. Kila mmoja ananusa cha mwenzake, halafu anakitia mfukoni, na kinakaa huko mpaka maneno yaishe. Kudai kikebe chako mapema ni matusi, ni sawa na kumwambia mgeni mwizi. Kisha wanaongea. Baba akikataa, vikebe vinarudishwa na wageni wanaondoka. Uji ukinywewa kabla hajakataa, basi amekubali, na hakuna wa kuurudisha kwenye kibuyu.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, baba mkubwa alimwita baba kwake. Baba alirudi jioni. Akaniambia waziwazi, bila kuniangalia, kwamba ametoa ahadi: wageni wa Embu atawasikiliza kwa heshima, halafu atawakataa.

Nilipiga kelele. Sitaficha. Nilisema maneno ambayo mtu hapaswi kumwambia baba yake, kwamba meno amewekewa mapya lakini uti wa mgongo walisahau. Mama aliniambia nitoke nje. Nikatoka, nikakaa kwenye jiwe la kufulia, nikalia mpaka mbwa akaja kuniangalia.

Kesho yake baba alikuja mpaka Maua, kibandani kwangu. Aliniamkua kana kwamba hakukuwa na jambo. Akasema anahitaji kikebe cha ugoro kwa ajili ya siku ya wageni. Yeye ni mtu wa kanisa, hanusi, hakuwa na kikebe. Lakini utaratibu ni utaratibu. Nilitaka kumwambia akanunue kwingine. Yaani nitengeneze kwa mikono yangu kikebe cha kunikatalia mchumba! Lakini ni baba. Nilichukua shaba.

Alikaa kwenye kigoda akinitazama. Tulipofika kwenye nakshi akaniambia nisitie vitone.

"Tia mistari," alisema. "Vitone ni vya meno. Nisije nikachanganya mbele ya watu."

Nikatia mistari. Kilipopoa akavishika vyote viwili nyuma ya mgongo, akafumba macho, akaniambia nimjaribu. Nikasema meno. Akatoa meno. Nikasema ugoro. Akatoa ugoro. Tulifanya hivyo labda mara ishirini, na mafundi wa mageti wakaja kutazama, na hakukosea hata mara moja. Alifurahi sana na ujuzi wake. Mimi nilikuwa nimemnunia, lakini nilicheka kidogo, nikajikasirikia kwa kucheka.

Siku ikafika. Wageni walikuja saa nne asubuhi, wamevaa suti, na karani wangu akiwa nyuma yao ameshika kofia ambayo sikuwahi kumwona nayo. Mzee wao alikuwa mjomba wake, mrefu, mpole, mwenye sauti ya kusoma masomo kanisani. Baba alivaa koti lake la Jumapili. Baba mkubwa alikaa karibu naye, goti kwa goti. Mimi nilikuwa jikoni, jicho kwenye ufa wa mbao, na mama nyuma yangu akikoroga uji ambao nilijua hautanywewa.

Waliomba. Wakasalimiana. Baba akageuka pembeni kidogo, akakohoa kwenye kitambaa, akajifuta mdomo. Halafu akatia mkono kwenye koti pamoja na kitambaa, nikasikia tak, akatoa kikebe, akampa mgeni kwa mikono miwili, na mgeni akampa chake.

Shaba ilimetameta pale kwenye mwanga wa mlango, na hata kutoka jikoni niliona. Vitone.

Nilijiziba mdomo. Mgeni alifungua. Akatazama. Meno yalikuwa yamelala humo, meupe, yamemkenulia. Alitazama kwa muda ambao ungetosha kusali Baba Yetu mpaka amina. Halafu yule mzee, Mungu amweke, akafanya jambo ambalo sitalisahau. Aliweka vidole viwili ndani kwa utaratibu, akavipeleka puani, akanusa, akapiga chafya ya adabu. Akafunga. Tak. Akakitia mfuko wa ndani, upande wa moyo, na kufunga kifungo cha koti.

"Ahsante, mzee," alisema. "Ni mkali."

Baada ya harusi alinieleza. Hakuwahi kufika huku kwetu Igembe, na alidhani ndivyo tulivyo: mtu anampa mgeni meno yake kuonyesha kwamba hatamuuma. Aliona aibu kuuliza.

Wakaongea. Mjomba alieleza kilichowaleta, taratibu, kwa maneno mazuri. Alipomaliza, baba mkubwa alimgusa baba gotini.

"Ndugu yangu. Sema lile neno."

Baba aliinua mkono akafunika mdomo. Akatikisa kichwa.

"Sema!"

"Mmh," alisema baba, nyuma ya mkono.

Ndipo baba mkubwa alipoelewa. Nilimwona akitazama mashavu ya baba yalivyobonyea, halafu akatazama koti la mgeni, lile lililofungwa kifungo, halafu akamtazama baba tena. Uso wake ulipita rangi ambazo sina shaba ya kuzitengeneza. Ukitutoa mimi na mama, baba hajawahi kufungua mdomo bila meno mbele ya mtu, hata kinyozi. Mbele ya wakwe, wamevaa suti, angefanya nini? Na kikebe hakidaiwi. Huo ni utaratibu, na aliyetufundisha utaratibu ni baba mkubwa mwenyewe.

"Ndugu yangu anachotaka kusema..." alianza.

"Tutafurahi kulisikia kwake," alisema mjomba kwa upole. "Tunangoja neno la mwenye msichana."

Walingoja. Jogoo akawika. Baba alitazama viatu vyake, mkono mdomoni, na jasho likimteremka. Nilimwonea huruma, na wakati huo huo nilitaka kupiga vigelegele, na sikujua nishike lipi. Kisha nikahisi mtu ananisukuma. Ni mama, amebeba kibuyu na vikombe, anapita. Uji ulikuwa haujapoa. Hakungoja mtu amwite. Alimimina, akamkabidhi mgeni, akapiga goti kidogo na kusema karibuni, na mgeni, kwa kuwa ni mtu wa adabu, akanywa ukiwa moto vile vile.

Basi. Yalikuwa yameisha.

Mgeni akafungua kifungo, akatoa kikebe, akamrudishia baba kwa mikono miwili, na baba naye akamrudishia chake. Baba akageukia ukuta. Tak. Aliporudi alikuwa na tabasamu la hospitali, sikio hadi sikio, akatoa hotuba ya kuwakaribisha wageni iliyochukua nusu saa, na ndani yake akamsifu kaka yake kwa kumlea vizuri. Baba mkubwa alikunywa uji wake wote. Alipomaliza akaomba aongezwe, nadhani kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mdomo wake.

Jioni wageni walipokwisha kuondoka, nilimkuta baba kwenye kiti chake ameshalala nusu. Nikamtania. Nikamwambia, mzee wa kufumba macho, fundi wa vitone na mistari, mara ishirini hukosei, siku ya watu ndiyo unachanganya! Nikasema Mungu ameniokoa kwa uzee wako. Alicheka tu. Nikachukua koti nikalitundike, na nikataka kutoa kile kikebe cha mistari nikakihifadhi.

Mkono wangu haukuingia. Mfuko wa kulia ulikuwa umeshonwa.

Nilidhani nimekosea nikapapasa tena. Umeshonwa kutoka pembe hadi pembe, mishono midogo midogo ya karibu karibu, kwa uzi wa kijani ambao mama hutumia kwa vitambaa vya meza. Ndani yake nilisikia kikebe changu cha ugoro, mistari yake ikigusa kidole changu kupitia kitambaa. Baba asingeweza kukitoa hata kama angetaka.

Nikageuka. Mama alikuwa mlangoni na sinia. Alinitazama, akatazama koti, akarudi jikoni.

"Baba," nilisema.

Hakufumbua macho.

"Mimi namwogopa kaka yangu," alisema. "Toka utotoni. Meno yangekuwa mdomoni, ningemtii, najijua. Na ugoro ungekuwa karibu, ningeutoa huo. Kwa hiyo nilimwambia mama yako afunge."

Nilikaa sakafuni karibu na miguu yake na nikalia kwa sauti kubwa, na maneno niliyomwambia ile siku ya kelele yalinirudi yote, moja baada ya lingine. Nilimwomba msamaha. Alisema hakusikia nikisema kitu, masikio nayo yamezeeka. Halafu akaniambia niache kulowesha koti, alihitaji kulivaa Jumapili, na ingekuwa vizuri kama mifuko yote miwili ingefanya kazi.

Mkasi wa bati, kwenye kikapu changu cha kazi, ndio uliokuwa karibu. Nikauchukua, nikakata ule uzi, mshono mmoja mmoja.