Nilinunua mashine ya kubana pete za mikoba hapa Kigali, kumbe sijui nilichonunua

Wakuu, heshima kwenu nyote mliomo humu.

Hiki ninacholeta sijasimuliwa, kimenikuta mwenyewe. Sina haja ya kutia chumvi, maana hata bila chumvi bado kinanichanganya. Nikimaliza mnisaidie.

Mimi ni mtu wa Tanga, kazi ndiyo iliyonileta Kigali, ofisi yetu iko Kacyiru. Naishi Rebero na mke wangu Zuhura, kwenye nyumba ya uani kwa Mama Keza.

Huyu mama ni Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, kwa hiyo Kiswahili anacho. Ndiye aliyetupeleka kwa mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, kututambulisha. Huku ukipangisha mgeni ni kama umemdhamini. Akiharibu, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Hapo kwenye udhamini pashikeni vizuri.

Zuhura ni fundi cherehani. Ana kibanda Kimisagara, anashona mikoba ya kitenge. Shida yake ilikuwa kubana zile pete ndogo za chuma za kupitishia kamba. Alikuwa anagonga kwa nyundo, anajiponda vidole, halafu jioni lawama zote nakula mimi.

Sasa kuna mzungu mmoja mtaa wa juu alikuwa anahama, akafanya moving sale, yaani vyombo vya nyumba vinauzwa. Watu wakagombania friji na makochi. Mimi nikaenda stoo, nikaona kitu pembeni.

Chuma kizito chekundu, kina mkono mrefu wa kushusha, unakifunga kwa bolti juu ya meza. Nikasema hii ndiyo.

Pembeni yake kulikuwa na kasha: mzani mdogo wa ajabu, mpare wa kumiminia kwenye chupa, kibao chenye matundu mengi, vipande vya chuma vya kufunga juu ya mashine, na kopo la kahawa limejaa vijibomba vya shaba vinavyong'aa. Kila kimoja kina tundu dogo kwenye kitako.

Mwenyewe alikuwa keshaondoka. Aliyekuwa akiuza alikuwa dalali, nikamuuliza hii ni ya nini. Akaniambia, "Boss, iko mashine. Iko nzima."

Jibu lile likanitosha. Mnaweza kuanza kunicheka, nawaruhusu.

Nilipiga picha nikatafuta mtandaoni. Ikaniletea mashine za kukamua machungwa na mashine za kubana vifungo. Nikachagua vifungo kwa sababu ndicho nilichokuwa nakitaka.

Zuhura alifurahi mpaka akanipikia wali wa nazi siku isiyo ya sikukuu. Fundi wa kuchomelea pale Kimisagara akamchongea kichwa cha kubania, tukaifunga kwenye meza pale nyumbani, na wallahi mashine ikafanya kazi. Unashusha mkono, pete inakaa.

Kila kitu kikapata kazi. Kibao cha matundu akapangia nyuzi. Mpare ukawa wa mafuta ya cherehani. Mzani akapimia shanga.

Na vile vijibomba? Akapitisha uzi kwenye lile tundu la kitako, akavining'iniza vitatu vitatu kwenye mkoba. Ukitembea vinalia kwa mbali, ting ting. Wa kwanza akampa Mama Keza zawadi.

Mama Keza aliupokea kwa mikono miwili. Akaviangalia vile vishaba muda mrefu, akasema "murakoze", yaani asante, akaingia ndani. Zuhura akaniambia mama kaguswa sana. Na mimi nikaamini.

Mkoba wa pili tukautundika kibandani kama sampuli. Wapita njia wakaanza kuuliza, na Zuhura akaona shaba iliyobaki haitafika mbali.

Sasa twende kwenye umuganda.

Mnajua huku Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wote mnatoka kufanya usafi na kazi za mtaa, halafu mnakaa mkutano. Mimi umuganda sikosi. Mgeni kuku mweupe, nikikosa naonekana. Siku hiyo tulizibua mitaro, tukakaa kwenye nyasi, mkuu wa mudugudu akafika kwenye mengineyo.

Nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimejiandaa, nina ule mkoba wa sampuli na lile kopo la kahawa. Nikasema kwa Kiswahili changu cha Tanga, nikitabasamu:

"Ndugu zangu, mke wangu anatafuta hivi vitu kwa wingi. Mwenye kujua vinapouzwa hapa mjini naomba anielekeze."

Nikamimina vichache kiganjani.

Mzee aliyekaa karibu yangu akasogea mbali nami. Akina mama wakaanza kunong'ona Kinyarwanda, na Kinyarwanda changu ni cha salamu na sokoni. Nikadhani nimevunja utaratibu, labda matangazo ya biashara hayaruhusiwi. Nikaomba radhi kwa kufanya tangazo!

Mkuu wa mudugudu akaniambia taratibu, "Weka chini. Usiondoke."

Kisha kijana mmoja wa chuo akanisogelea, akaniambia, "Kaka, hizo ni maganda ya risasi."

Naapa, mimi risasi nimeziona kwenye sinema tu, na kule zina ncha.

Polisi wawili wakaja. Hawakunipigia kelele, wakanipa kiti. Upole ule ndio ulionitia hofu zaidi. Tukaenda nao nyumbani, wakaiona mashine.

Mkubwa wao, Kiswahili chake kizuri, akanieleza kwamba kuna nchi watu wanajazia risasi upya nyumbani kwao, kama mtu anavyojaza gesi. Ganda lililotumika linanyooshwa kwa mashine kama ile, baruti inapimwa kwenye mzani, inamiminwa kwa mpare, ncha inabanwa juu. Hapa kwetu, akasema, hilo halipo.

"Wewe ulikuwa unaitumia kufanya nini?"

"Mikoba, afande."

Akaniangalia. Akamwangalia Zuhura, ambaye alikuwa ameshika kitambaa. Akamwambia amwoneshe. Zuhura akaweka pete, akashusha mkono, pete ikabana. Afande akajaribu mwenyewe, mara mbili. Sikujua nicheke au nilie.

Lakini bado, maganda yale tulikuwa nayo bila kibali. Akasema yanachukuliwa yote na mashine, na jina langu litaandikwa, na la mke wangu, mpaka wajiridhishe. Nikaona kazi imekwenda, kibanda kimekwenda, tunarudi Tanga na aibu.

Hapo Mama Keza akatoka ndani. Kabeba mkoba wake. Akauweka mezani.

"Na mimi niko nazo. Tatu. Mukiandika majina yao, muandike na langu."

Afande akamwambia, mama, wewe ulijua ni nini? Akajibu, "Nilijua."

Tulihojiwa wote watatu. Yule mzungu alipigiwa simu huko kwao, akathibitisha vyombo ni vya marehemu baba yake, viliingia kwenye kontena na vitu vya nyumbani, hajawahi kuvitumia. Tukaachiwa. Mikoba tulirudishiwa, imekatwa shaba.

Jioni nikamfuata Mama Keza. Nikamwambia, mama, ulijua tangu siku ya kwanza, kwa nini hukutuambia? Ungeweza kuponzeka na sisi.

Alikuwa anachambua maharage. Akasema:

"Nilisema kesho nitawaambia. Halafu naona Zuhura anazipangusa na kanga, anaimba. Mwanangu, mimi nilirudi huku msichana, vita imeisha tu, hizo zilikuwa mu barabara kama kokoto. Sijaona hata siku moja mtu anacheka nazo. Nikaacha."

Akaendelea na maharage yake.

Haya, funzo wakuu: usinunue kitu kwa sababu kinafanana na shida yako. Na ukiwa ugenini, uliza kwanza mtu mmoja mlangoni kabla hujauliza mkutano mzima. Asiyejua maana haambiwi maana, ila mimi niliambiwa mbele ya mtaa mzima.

Zuhura amerudi kwenye nyundo.

Kinachonichanganya ni huu mkoba. Mama Keza anaubeba kila Jumapili kwenda kanisani, na nyuzi tatu zinaning'inia tupu. Zuhura amempelekea shanga nzuri, mama amesema asiziguse zile nyuzi, aziache hivyo hivyo.

Mliokaa huku muda mrefu, nielewesheni. Tumbembeleze apokee shanga, au tunyamaze?