Vitanda Vinne Vilivyosubiri Kodi

Kodi ya ongezeko la thamani ilipoanza, mimi peke yangu katika ofisi ya uhasibu ya halmashauri yetu ndiye niliyekuwa na shahada, kwa hiyo nikapelekwa semina ya siku tatu kujifunza inavyotozwa. Nilirudi na cheti, kabrasha la plastiki na mabega yaliyopanda. Wakubwa wangu, waliojua hesabu kunizidi, wakaanza kuniuliza kabla ya kutia saini chochote. Ni hatari kumfanyia kijana jambo kama hilo.

Halmashauri ilikuwa na karakana pale Sekei. Tangu enzi za kuambiwa tujitegemee, ilikuwa ikiuza madawati na makabati hata kwa wenye maduka na shule za makanisa, hivyo ikasajiliwa kutoza kodi. Mwezi huohuo ikamaliza vitanda vinne vya kujifungulia, vya zahanati yetu wenyewe upande wa Kikwe. Karatasi ya kuvitoa getini ikaja mezani kwangu.

Nikaandika dokezo la kurasa mbili. Karakana ni muuzaji, nikasema, na idara ya afya ni mnunuzi. Mnunuzi alipe kodi kwanza ndipo vitanda vitoke. Fungu la afya lilikuwa na bei ya vitanda tu, kwa sababu lilipangwa kabla kodi haijakuwapo. Nikapendekeza iombwe nyongeza. Neno "kwanza" nililipigia mstari.

Fundi mkuu wa karakana, Mchaga mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, alilisoma akiwa amesimama mlangoni.

"Kwa hiyo serikali inaidai serikali."

"Kitaalamu, ndiyo."

"Na isipolipa, itajishitaki?"

"Mzee, sheria ni sheria."

"Haya, msomi. Leo ukila ugali wa mkeo, dai risiti."

Ofisi nzima ilicheka. Nilikasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyonizuia kwenda kuuliza ofisi ya kodi. Mtu mwenye cheti aulize nini?

Vitanda vikakaa. Masika ikaingia. Muuguzi wa zahanati, mama wa Kimeru mwenye umri wa mama yangu, akawa anakuja kila wiki, khanga juu ya sare, viatu vizito kwa matope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Vimetoka?"

"Bado. Tunasubiri nyongeza."

"Kitanda changu kimekatika mguu. Nimekiegemeza kwa matofali, akina mama wanaogopa kukipanda. Nawalaza chini."

Nilimweleza habari za kodi. Alinisikiliza kwa upole, kama amsikilizavyo mgonjwa wa malaria anayeweweseka.

Wiki ya saba hakuuliza kitu. Alikaa kwenye benchi, akatazama mikono yake.

"Juzi amejifungua mmoja hapo chini. Damu ikakataa kukata. Sakafuni utamwinua mtu miguu vipi? Tulimpakia kwenye trela la trekta. Yeye yuko hospitali. Mtoto hakukaa."

Nililichomoa dokezo langu kwenye faili.

Nilikwenda ofisi ya kodi kwa miguu, mvua ikininyeshea, dokezo likiwa ndani ya shati. Ofisa aliyenipokea tulikuwa naye kwenye semina ileile. Alikuwa akisinzia nyuma yangu. Alilisoma mara mbili.

"Hii ungeiandika tu kwenye ritani, ile fomu ya kodi ya mwisho wa mwezi," akasema. "Mengine mnamalizana wenyewe kwa wenyewe. Nani aliwaambia mzuie mali?"

Hakuna aliyetuambia. Nimeishi na jibu hilo hadi mvi zimeniota, na bado watu hunialika kuzungumzia uzembe wa serikali.

Nilitia saini karatasi ya getini jioni hiyohiyo. Asubuhi nikapanda nyuma ya lori pamoja na vitanda, hakuna aliyenituma. Muuguzi alitoka kibarazani akifuta mikono.

"Kodi imelipwa?"

"Haikuwa ya kusubiriwa, mama. Nilikosea mimi."

Nilitamani anitukane. Kikohozi cha mtoto kilisikika kutoka kwenye foleni, naye akageuza kichwa kukisikiliza.

"Shika upande huo," akasema.

Tukakibeba cha kwanza hadi ndani, tukakiweka kwenye sehemu ya sakafu iliyokuwa bado na weupe wa dawa, pale alipokuwa ameisugua damu kwa nguvu.