Uso wa Mama Kwenye Moto

Ningemkatalia Hamadi siku ile, leo nisingekuwa mzee anayegeuza uso kila anaponusa udongo mbichi. Mvua ya kwanza ikiigusa ardhi ya Kiuyu tu, harufu ile hunirudisha kwenye kibanda cha dada yangu Time, mfinyanzi aliyenilea tangu mama yetu alipofariki nikiwa bado nanyonya.

Time alifinyanga vyungu vya kuuza, lakini kwa raha yake alifinyanga wanawake: matumbo makubwa, mapaja mazito, watoto wamewaganda mgongoni. Shehe alipomwambia ni makosa, alijibu, "Shehe, sote tumetoka kwenye udongo. Mie nnakumbuka tu." Mwanamke wa mwisho alikuwa mama. Hatukuwa na picha yake hata moja. "Nikishamchoma n'takuonesha," aliniambia, akamfunika kanga akauke kivulini.

Wiki ile ile alinivua nguo kisimani mbele ya wasichana wa darasa langu, akanisugua kwa kumbi la nazi kama sufuria iliyoungua. "Njooni mumuone mwanamme wa Kiuyu!" Wakacheka hadi ndoo zikawamwagikia. Nikaapa na yeye atalia.

Hamadi, mtoto wa jirani, ndiye aliyenipa njia. "Yule mama wa udongo, msokomeze udongo mbichi kichwani kwa ndani. Motoni atapasuka, na Time atadhani kakosea mwenyewe."

Nilikubali kwa furaha. Nikapenyeza mkono wenye bonge la udongo chini ya kanga haraka haraka, hata uso wenyewe sikuutazama.

Makuti ya kuchomea vyungu yalipowaka nilikaa mbele kabisa, nikingojea kilio. Kikaja kishindo, vigae vikaruka. Time hakulia. Alifukua jivu, akaokota bonge lililoiva nusu, akaona alama za vidole vyangu vidogo.

"Weye ulitaka kunikomoa mie," alisema taratibu. "Basi hutamjua."

Nilimwomba nikiwa mtoto, nikamwomba nikiwa na wajukuu. Alinipikia, aliniozesha, alinitania. Ila hakufinyanga tena uso ule wala kunieleza ulivyokuwa. Majirani walisema mama alikuwa mzuri, kama wasemavyo kuhusu kila marehemu. Nilidhani dada ni mkaidi tu. Uzeeni ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akilipiza kila siku, na kwamba mimi ndiye niliyemfundisha pa kupiga.

Mwaka huu tumemzika Time. Hakuna aliyebaki hai anayemkumbuka mama. Nitakufa bila kujua mama yangu alikuwa na sura gani.