Mtoto Aliyeachwa Kwenye Jiwe

Gome bichi la mdalasini lina harufu kali kuliko unga wake wa dukani. Likikwanguliwa, linakupanda puani na kukaa huko hadi kesho yake. Mpaka leo nikilinusa sokoni Morogoro, mikono yangu huanza kutafuta cha kufanya.

Nilikuwa darasa la pili. Mama yangu, Zuhura, alikuwa ameniacha kwa bibi, mama yake, upande wa mashariki wa Uluguru, akaenda Dumila kuuza vitunguu kando ya barabara baada ya kuachana na baba. Alisema atarudi mahindi yakikomaa. Mahindi yakakomaa, yakavunwa, yakaliwa. Hakuna aliyelizungumzia jambo hilo, nami nikawa situlii. Nilipanga ndala za watu mlangoni, nikazipangua, nikazipanga upya. Nawaambia ukweli: niliamini zikinyooka sawasawa, atakuja.

Wanawake walikusanyika uani kwetu kukwangua mdalasini, na bibi akawa anasimulia habari za mwanamke aliyeanzisha ukoo wetu. Tulimwita Bibi wa Kwanza. Alipanda milima hii zamani sana, kabla ya reli, kabla ya Wajerumani, akiwa na makaa ya moto chunguni na watoto wawili. Mvua ikamkuta njiani, asiweze kubeba vyote. Akamketisha binti mkubwa juu ya jiwe, akamwambia, "Nisubiri, nikafikishe moto." Hakurudi. Binti akageuka ukungu, ule unaoteremka kila asubuhi kutafuta mtu.

Kila mtu alikuwa na hadithi yake. Mjomba alidai kaka wa huyo mwanamke ndiye aliyetangulia kupanda. "Huyo kaka alibeba nini?" bibi alimuuliza, na mjomba akakumbuka kuwa ana kazi shambani. Mwalimu wa madrasa aliongeza kwamba mama yule aliswali kwanza. Bibi mwenyewe alisema kwamba katika masimulizi ya zamani kabisa mwanamke yule alikuwa akikimbia njaa. Misafara ya watumwa ilipoanza kupita bondeni, wasimulizi wakasema anakimbia minyororo. Lakini mwisho haukuguswa na yeyote. Hakurudi. Bibi akifika hapo, nilikuwa nainuka kwenda kupanga ndala.

Siku moja bibi alifika penye jiwe, akamaliza gome alilokuwa nalo mkononi, kisha akasema, "Akarudi."

Bi Asha, jirani yetu aliyekuwa akipeleka mdalasini hadi Dumila, aliweka kisu chini. "We Mama Zuhura! Tangu lini akarudi?"

"Tangu zamani. Alichelewa tu."

"Na ukungu je?"

"Ukungu ni ukungu. Huku milimani kuna baridi, hujui?"

Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka. "Bibi, juzi ulisema hakurudi."

"Juzi nilikuwa na usingizi, mke mwenzangu," alinijibu, kama bibi zetu wanavyotutania wajukuu wa kike. "Kwangua."

"Alimkuta mtoto?"

"Alimkuta palepale. Alikuja mikono mitupu, na mtoto hakumtazama mikono."

Bi Asha alinung'unika mpaka jioni, na nasikia aliendelea kunung'unika njia nzima hadi Dumila. Haikupita wiki, mama akatokea Ijumaa mchana, hana hata mfuko, miguu imejaa tope. Nilisahau hata kumwamkia shikamoo.

Kwa miaka mingi niliamini bibi aliubadilisha mwisho ule ili kunituliza mimi. Nilijivunia hilo. Mwaka jana mama akaniambia, akikatakata vitunguu bila kuinua macho: "Bi Asha alikuja kibandani kwangu na hasira zake. Eti, mama yako amezeeka, anaharibu hadithi ya ukoo. Akanisimulia yote. Hajamaliza, mimi nafunga kibanda." Kumbe mama alikuwa ameona haya kurudi hana kitu, na bibi hakuwa mtu wa kumbembeleza mwanawe; alimtumia hadithi tu.

Nimejifunza kuandika peke yangu, na nina maradhi ya kutaka kila kitu kiwe sahihi. Nimejaribu mara nyingi kuiandika hadithi ile ya kweli, nikafuta. Watoto wa ukoo siku hizi wanajua kwamba alirudi; ukungu umebaki kwa wazee wachache. Wakiniuliza ipi ni ya kweli, nahangaika. Nafikiria msimulizi yule wa kwanza aliyetia minyororo ndani ya hadithi. Huenda naye alikuwa na mtu wake bondeni, akitaka mtu huyo asikie upesi, akimbie.